Mwaka Tunaukoga, Hesabu Tumeiacha

Ikifika nusu ya pili ya mwezi wa saba, kusi likivuma na baridi ya kipupwe ikiwa imetua, watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huukoga mwaka. Wanaume hutoka uwanjani na vipande vya migomba mikononi, wakagawanyika pande mbili, wakatwangana. Anayepigwa anapigwa kweli, na mwenye kinyongo na jirani yake tangu mwaka jana hupata siku ya kukitoa hadharani, mji mzima ukitazama, kwa silaha isiyoua. Wanawake, wamekwisha kukoga baharini na kujipamba kwa nguo mpya, hupita wakiimba, na nyimbo zao hazimsazi mtu. Kisha hujengwa kibanda cha makuti makavu, mtu akaingia ndani, kibanda kikatiwa moto, naye akachomoka mbio. Watu hutazama moshi umeelekea wapi, na huamini kwamba mwaka huo hakuna atakayefia ndani ya nyumba inayoungua. Baada ya hapo ni kula na ngoma, siku nne, na nyumba isiyopata mgeni siku hizo hujiona imepungukiwa.

Picha za Mwaka Kogwa zimeenea. Watalii huja kwa mabasi, viongozi huja kuhutubia, vijana wa mjini huja na simu zao. Nayapokea yote hayo kwa furaha, maana ada inayokosa watazamaji hufa kimya kimya. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwauliza watu wa pwani swali moja: leo ni siku ya ngapi tangu Mwaka? Wazee wawili watatu waliowahi kuvua walijaribu kuhesabu kwa vidole, wakaishia njiani. Vijana walidhani nauliza tarehe.

Ndipo linapokaa jambo langu. Tumehifadhi siku moja ya kalenda na kuziacha siku 364 zilizobaki. Tunaukoga mwaka ambao hatuuhesabu tena. Na kila ninapoangalia jinsi mataifa na dini nyingine zinavyoadhimisha mwaka mpya, naona kwamba sherehe zilizobaki na uzito ni zile ambazo nyuma yake kuna watu wanaoendelea kuhesabu.

Kalenda yenyewe ni rahisi kuieleza. Siku ya kwanza huitwa Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Kuanzia hapo siku huhesabiwa kumi kumi, na kila kumi moja huitwa mwongo. Miongo 36 ni siku 360. Zinaongezwa 5, mwaka umetimia siku 365, na hesabu inaanza upya. Neno hilo la mwongo bado tunalo, ila leo magazeti huliandika muongo na kulifanya miaka kumi. Kwa wakulima na mabaharia wa zamani lilikuwa siku kumi, na lilikuwa neno la kazi. Mwongo fulani ni wa kusafisha shamba, mwongo fulani ni wa kupanda mtama, mwongo fulani hakuna nahodha mwenye akili anayetweka tanga kwenda kaskazini. Huo ulikuwa mwaka wa watu wanaoishi kwa upepo: kaskazi iwaletee majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, masika yaweke mambo sawa shambani, kusi lirudishe majahazi kwao, kipupwe, demani, vuli, kisha kaskazi tena.

Mwezi wa kuandama hauwezi kufanya kazi hiyo. Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11. Ramadhani hupita masika, hupita kipupwe, hupita kiangazi, na hiyo ni sehemu ya hekima yake, kwamba hakuna watu duniani watakaofunga milele katika joto au milele katika baridi. Lakini mkulima akipanda kwa kufuata Rajabu, baada ya miaka michache atakuwa anapanda kwenye vumbi. Ndiyo maana Waislamu wa pwani, watu wa sala tano, walishika kalenda mbili mkononi: mwezi kwa ibada, Nairuzi kwa jembe na tanga.

Na Nairuzi ilitoka wapi? Jina halifichi. Ni Nowruz ya Uajemi, yaani siku mpya. Kuna ubishi mrefu kuhusu Washirazi: kama kweli watu walihama kutoka Shiraz wakaja kujenga miji yetu, au kama jina lilichukuliwa kwa heshima tu. Mimi sihitaji kuumaliza ubishi huo ili kuelewa Nairuzi. Lugha ya bahari ya Hindi ilijaa maneno ya Kiajemi, na Kiswahili kinayo mpaka leo: nahodha, bandari. Kalenda ingeweza kuja kwa njia ileile ya maneno hayo, ndani ya kichwa cha baharia. Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa wa Kiarabu wa karne ya 15, alipoandika misimu ya kusafiri aliitaja kwa idadi ya siku za Nairuzi, kwa sababu ndiyo hesabu iliyoeleweka na mabaharia wenzake kutoka bandari hadi bandari.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba hesabu yetu imebaki na umbo la kale kuliko ile ya Iran. Kalenda ya zamani ya Waajemi, ile ya wafuasi wa Zarathustra, ilikuwa miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za nyongeza, bila mwaka mrefu, yaani wa siku 366. Kwa kuwa jua huchukua siku 365 na karibu robo, Nowruz ilikuwa ikiteleza siku 1 kila miaka 4. Mwaka 1079 Sultani Malik Shah aliwakusanya wanajimu, Omar Khayyam akiwa mmoja wao, wakaifunga Nowruz kwenye siku ya Machi ambayo usiku na mchana huwa sawa. Ndipo ilipo mpaka leo, tarehe 20 au 21 Machi, na mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliitambua rasmi kuwa siku ya kimataifa. Nairuzi ya Waswahili haikuguswa na marekebisho hayo. Iliendelea kuteleza. Karne ya 19 ilikuwa ikiangukia mwezi Agosti. Leo ni Julai.

Wapo wanaoona kuteleza huko ni kasoro. Piga hesabu kidogo: katika umri wa miaka 60 Nairuzi husogea siku 15. Mkulima anayeshika ardhi kila siku huliona badiliko hilo pole pole na kulirekebisha, akasema baba alikuwa akipanda mwongo huu, sisi sasa tunangoja mwongo wa pili. Hesabu ilikuwa hai kwa sababu iliulizwa kila siku. Kalenda ya karatasi hairekebishwi na mtu wa kawaida, inatundikwa tu.

Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliandika alichokiona kuhusu Siku ya Mwaka. Wanawake walikoga baharini usiku au alfajiri. Moto wote ulizimwa, kisha ukawashwa upya kwa kupekecha vijiti viwili. Kilipikwa chungu kikubwa cha nafaka na kunde za kila aina, kikaliwa na jamaa na marafiki. Na akaongeza kwamba zamani damu iliyomwagika siku hiyo haikuulizwa, na magomvi ya mwaka mzima yalimalizwa kwa kupigana.

Maji, moto, chungu cha pamoja, ugomvi. Soma maneno hayo manne, kisha zunguka dunia.

Iran, usiku wa kuamkia Jumatano ya mwisho kabla ya Nowruz, watu huwasha mioto mitaani na kuiruka, wakiuomba moto uchukue ugonjwa na umanjano wa uso, uwape wekundu wake. Halafu mezani huwekwa vitu saba vinavyoanza na herufi ya sin: ngano iliyochipua, kitunguu saumu, tufaha, siki na vinginevyo. Thailand, tarehe 13 hadi 15 Aprili, katika mwaka mpya wao uitwao Songkran, mji mzima humwagiana maji, na vijana huwamiminia wazee maji mikononi kwa heshima kuomba baraka. Wachina husafisha nyumba kabla ya mwaka kuingia na kujitahidi kulipa madeni, na usiku wa mwisho familia hula meza moja, hata kama mtoto amelazimika kusafiri siku mbili kwa treni kutoka kiwandani.

Wayahudi nao huanza mwaka kwa kuitwa mbele ya hukumu. Rosh Hashanah, ambayo huangukia Septemba au Oktoba, hupigwa pembe ya kondoo dume iitwayo shofar, hulika tufaha lililochovywa kwenye asali, na zinaanza siku 10 za toba zinazoishia Yom Kippur. Katika siku hizo mtu huwaendea aliowakosea na kuomba msamaha, kwa sababu katika mafundisho yao Yom Kippur haifuti kosa la mtu kwa mtu mpaka aliyekosewa aridhike. Na kuna jambo katika dini hiyo linalofaa kuwatuliza wanaotaka mwaka uwe na mlango mmoja tu. Mishna, mkusanyo wao wa sheria za kale, inataja miaka mipya minne: mmoja wa kuhesabia utawala wa wafalme na sikukuu, mmoja wa zaka ya mifugo, mmoja wa miaka yenyewe, na mmoja wa miti. Kila kazi na mwanzo wake, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Huku kwetu mfano ulio karibu zaidi ni wa Wahindi wa Kigujarati, walioishi Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam vizazi kwa vizazi. Mwaka wao mpya huja siku inayofuata Diwali. Wakati wa Diwali wafanyabiashara hufunga daftari la zamani, hufungua jipya, na daftari hilo hufanyiwa ibada kabla halijaandikwa hata deni moja. Fikiria hilo kwa makini: kitabu cha hesabu za duka kinaombewa. Hao hawajautenganisha mwaka na hesabu hata kidogo. Kwao hesabu yenyewe ndiyo inayoingizwa hekaluni.

Na Ethiopia, ambako nina upendeleo nisioweza kuuficha. Enkutatash, mwaka wao mpya, huangukia 11 Septemba, au 12 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu wa kalenda ya kawaida. Mvua kubwa zimekatika, vilima vimejaa maua ya manjano yanayoitwa adey abeba, na wasichana hupita nyumba kwa nyumba na mashada wakiimba. Kalenda yao ina miezi 13: 12 ya siku 30, na Pagume wenye siku 5, au 6 kila mwaka wa nne. Siku 360 na nyongeza ya 5, sawa na miongo yetu. Wako nyuma ya hesabu ya Ulaya kwa miaka 7 au 8, ndiyo maana waliupokea mwaka 2000 tarehe 12 Septemba 2007. Tena Mhabeshi na Mswahili ni ndugu wa saa: wote wawili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, wakaita saa moja kile ambacho wengine wanaita saa saba. Tofauti ni kwamba wao kalenda yao iko benki, iko mahakamani, iko kwenye cheti cha kuzaliwa. Sherehe yao haihitaji mtalii ili ipumue.

Sasa tuitazame 1 Januari, siku ambayo sote tunaisherehekea. Ilianzia ofisini. Roma, tangu mwaka 153 kabla ya Kristo, hiyo ndiyo tarehe ambayo makonsuli wawili, watawala wakuu wa dola, walishika madaraka. Haikuwa siku ya mavuno wala ya kupanda. Ulaya ya Kikristo yenyewe haikuipenda kwa karne nyingi. Uingereza mwaka ulianza 25 Machi, siku malaika alipompasha Mariamu habari, na mambo yalikaa hivyo mpaka sheria ilipobadilishwa na mwaka 1752 ukaanzia 1 Januari. Septemba ya mwaka huohuo siku 11 zikarukwa ili kuifuata kalenda aliyoitangaza Papa Gregori wa 13 mwaka 1582. Mpaka leo mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili, mabaki ya ile 25 Machi pamoja na siku zilizorukwa. Japani ilihamia 1 Januari mwaka 1873, na moja ya sababu ilikuwa fedha: kwa kalenda ya zamani mwaka ule ungekuwa na mwezi wa 13, na serikali ingelazimika kuwalipa maofisa mshahara wa mwezi wa ziada. Siku ya tatu ya mwezi wa 12 ikatangazwa kuwa mwaka mpya.

Tarehe hiyo ilitufikia kwa meli za kikoloni, pamoja na kodi ya kichwa na rejista. Barani Afrika haikuingia mahali patupu. Rwanda kulikuwa na Umuganura, sikukuu ya malimbuko, ambayo utawala wa Wabelgiji uliipiga marufuku mwaka 1925. Burundi kulikuwa na Umuganuro, ambapo mwami alibariki mbegu za mtama na ngoma ya kifalme, Karyenda, ikatolewa. Wa mwisho wa kifalme ulifanyika 1929. Angalia walichokilenga wakoloni. Mwenye mamlaka ya kusema sasa tunaanza ndiye mwenye nchi, nao walilijua hilo vizuri. Rwanda imeirudisha siku yake: Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni sikukuu ya taifa, watu hula kwa pamoja mtama, ulezi na viazi, na viongozi hutoa hesabu ya mwaka uliopita.

Kwa mkulima wa Tanzania bara, 1 Januari huja vibaya. Rukwa, Mbeya na Ruvuma mahindi yako shambani, hayajafika kiunoni, ghala limeanza kuonyesha sakafu, na mwezi huohuo ada za shule na sare zinadaiwa. Wakenya wameubatiza mwezi huo Njaanuari, na neno limekaa kwa sababu ni kweli tupu. Mwaka mpya wenye chungu kikubwa cha nafaka na kunde za kila aina huwezi kuuweka Januari. Unauweka baada ya mavuno ya masika, na Julai ni baada ya mavuno ya masika. Hata serikali zetu za Tanzania na Kenya huanza mwaka wa fedha 1 Julai. Kwa hiyo Januari tunapigiana fataki, lakini bajeti ya nchi huanza wiki tatu tu kabla ya Makunduchi kuukoga mwaka.

Hata hivyo sitasema 1 Januari ni ganda tupu, kwa sababu nimekaa kanisani usiku wa 31 Desemba nikiwa mgeni wa rafiki, nikaona. Mkesha ule si fataki. Watu hukaa tangu saa tatu usiku, wanashuhudia yaliyowapata, wanataja waliokufa, mtu anasimama kuomba radhi mbele ya wote, na ikikaribia saa sita taa hupunguzwa, watu wakapiga magoti. Wamoraviani wa Ujerumani walianza kukesha hivyo mwaka 1733, John Wesley akaipokea ada hiyo kwa Wamethodisti, na Wamoraviani haohao walifika Rungwe mwaka 1891. Marekani, usiku wa 31 Desemba 1862, Waafrika walikesha makanisani wakingoja Tangazo la Ukombozi la Abraham Lincoln lianze kazi asubuhi yake. Kwao 1 Januari ilikuwa siku ya kuchukiwa: ndiyo siku ambayo watumwa walikodishwa kwa mabwana wengine kwa mwaka mzima, mama akatenganishwa na mwanawe. Siku ya soko la watu ikageuzwa kuwa siku ya uhuru. Haiti nayo ilitangaza uhuru wake 1 Januari 1804, na kila mwaka tarehe hiyo Wahaiti hupika supu ya boga ambayo, wanavyosimuliana, mtumwa alikuwa haruhusiwi kuionja. Tarehe ya ofisini inaweza kupewa roho. Lakini tazama ni akina nani walioipa: ni watu waliokuwa na deni la kweli la kulifunga usiku huo.

Upande wa Uislamu mambo ni tofauti, na hapa natembea taratibu kwa kuwa ni nyumbani. Kalenda ya Hijra iliwekwa zama za Khalifa Umar bin Khattab, ikahesabiwa tangu mwaka wa Mtume kuhama Makka kwenda Madina, 622. Muharram ukabaki mwezi wa kwanza kama ulivyokuwa kwa Waarabu, ingawa kuhama kwenyewe kulikuwa Rabiul Awwal. Mwaka huo huingia kimya, bila fataki. Kwa Mashia huingia na msiba: siku 10 za kwanza ni za kumlilia Imamu Husein aliyeuawa Karbala mwaka 680, na jamii za Khoja za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa huvaa nyeusi wakati ambao wengine wangetegemea pongezi. Mimi hulipenda hilo. Linanikumbusha kwamba mwaka mpya haudai furaha. Unadai ukumbusho.

Lakini Waswahili, katika kuhesabu kwao, walifanya jambo lao wenyewe. Hawakuanzia Muharram. Walianzia Idi. Mwezi unaofuata Ramadhani waliuita mfunguo mosi, yaani wa kwanza tangu kufungua, ukafuata mfunguo pili, mpaka mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Muharram ikawa mfunguo nne. Maulidi yako mfunguo sita. Ni kama walivyohesabu siku za wiki kuanzia Ijumaa: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili. Hesabu ya Mswahili huanza pale ibada inapokamilika. Watu walioweza kuipanga miezi ya Mwenyezi Mungu kwa lugha yao bila kuigusa sheria yake walikuwa wanajua wanachofanya.

Najua wapo mashehe wasioridhishwa na Nairuzi, wanaosema ni mabaki ya Majusi, yaani wale wafuasi wa Zarathustra, na moto na moshi wa Makunduchi unawapa hoja. Hoja yao nikiitenga sehemu mbili, naielewa moja. Kuamini kwamba moshi wa kibanda unajua nani atakufa ni jambo ambalo mwanachuoni ana haki ya kulikemea, na siwezi kumbishia. Kuhesabu siku za jua ni jambo jingine. Wakulima wa Misri, Waislamu kwa Wakristo, wamelima kwa miezi ya Kikopti karne zote hizi, na mwaka mpya wa Wakopti unaitwa Nayrouz, jina lilelile. Waamazigh wa Algeria, Waislamu, wana mwaka mpya wao, Yennayer, wa tarehe 12 Januari, na tangu 2018 ni sikukuu ya taifa. Hakuna aliyetoka kwenye dini kwa kujua siku ya kupanda. Anayetaka kuutoa moshi autoe, atuachie miongo.

Na asidhani mtu kwamba kalenda iliyolala haiwezi kuamka, au iliyo hai inaweza kuuliwa kwa waraka. China ilichukua kalenda ya Ulaya mwaka 1912, mwaka mpya wa mwezi ukapewa jina jipya la Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, serikali ya chama cha Kuomintang ikajaribu kuufuta kabisa mwishoni mwa miaka ya 1920, na Mapinduzi ya Utamaduni yakaifuta likizo yake mwaka 1967. Watu waliendelea kuhesabu. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Miongoni mwa vilivyoibeba hesabu hiyo ni almanaki, zile zinazosema lini kupanda na lini kuoa.

Nasi almanaki tunayo, imetundikwa ukutani. Nyumba nyingi za pwani zina kalenda yenye safu mbili, tarehe za kawaida kwa wino mkubwa na za Hijra pembeni kwa wino mwekundu au kijani. Misikiti huzichapa, maduka huzichapa, vyama vya ushirika huzichapa. Safu ya tatu haihitaji ruzuku wala wizara. Inahitaji mtu wa Makunduchi aliyepewa dhamana ya kutangaza Siku ya Mwaka aulizwe, hesabu yake iandikwe, na mchapishaji aongeze namba ndogo chini ya kila kisanduku, kutoka 1 mpaka 365. Walimu wa sayansi watapata somo zuri la kwa nini mwaka una robo siku. Wavuvi wazee wataulizwa mwongo wa ngapi dagaa huanza kujaa, nao watakuwa na pa kuandikia jibu kabla hawajaondoka nalo. Tunalia kila mwaka kwamba mvua zimebadilika. Kwa hesabu kama hii tungeweza kusema zimebadilika kwa miongo mingapi.

Nimeianza mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Nilianzia 24 Julai, nikaita 1. Siku ya 100 iliangukia 31 Oktoba, na usiku wake vuli ilinyesha hapa kwetu kwa mara ya kwanza, nikatoka kibarazani kuisikiliza. Siku nilizosahau kuandika nimezirudia, zina alama ya kufutwa. Tarehe 31 Desemba nimeiandika jana: ni siku ya 161, ya kwanza katika mwongo wa kumi na saba, na bado kuna miongo ishirini na siku chache kabla ya kwenda baharini.